Kodiani na Kupokezana Mahadhi: Mtazamo kutoka Ayany, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Miongoni mwa wageni waliopokelewa Afrika Mashariki katika enzi ya meli za moshi na reli yumo mmoja asiyetajwa sana katika vitabu vya fasihi. Ni kisanduku chenye mivukuto katikati, vibonyezo pande zote mbili na ndimi za chuma tumboni. Kikikunjuliwa huvuta pumzi, kikikunjwa huitoa, na kila pumzi ina sauti yake. Kikubwa huitwa kodiani. Kidogo, ambacho aghalabu huwa na pembe sita na hushikwa viganjani, ndicho konsatina.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi wapigaji wa vinanda vya aina hii wanavyojifunza mahadhi mapya na kupokezana, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba mahadhi hayakai katika chombo wala karatasini. Yanakaa katika tendo la kupokezana. Tendo hilo likikatika, shairi linalobaki kitabuni huwa ni nusu ya shairi.

Mahali pa kusimamia ili kulitazama suala hili ni Ayany, mtaa ulio kandokando ya Kibera, karibu na Olympic. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mnamo 2017, baada ya miongo mingi ya madai, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za ardhi hiyo. Kwa wakati huo wote Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii na wengine walikuwa wamehamia na kuwa majirani. Katika ujirani wa namna hii, arusi ya Kinubi yenye ngoma ya doluka, mkesha wa matanga wa Kijaluo na ibada ya Jumapili husikika na watu ambao hawakualikwa. Sikio la jirani halina mlango. Hii ndiyo sababu Ayany inafaa kuwa kituo cha kuanzia: hapa mtu hujifunza tuni ya mwenziwe kabla hajajua maana ya maneno yake.

Kinanda: neno na chombo

Neno kinanda ni mfano mzuri wa jinsi Kiswahili kinavyowapokea wageni. Katika mwambao wa zamani lilitaja chombo cha nyuzi kilicholetwa na watu wa Arabuni, kile ambacho pia huitwa gambusi. Vyombo vya Ulaya vilipowasili, neno lilipanuka likavifunika pia: kinanda cha kanisani, kinanda cha mdomo, kodiani, hata mashine ya kupigia santuri. Kigezo hakikuwa tena nyuzi. Kilichotazamwa ni kuwa chombo kinatoa tuni, tofauti na ngoma inayotoa mapigo. Lugha jirani nazo zilishiriki. Wakikuyu wanalo neno kinanda, na Waluo huiita kodiani onanda, neno ambalo kwa umbo na maana linaelekea kuwa ndugu wa kinanda. Kabla tuni haijapokezwa, jina la chombo lilikuwa limekwisha kupokezwa.

Kuhusu asili ya chombo chenyewe, ulimi wa chuma unaotikisika kwa pumzi ni jamaa wa ulimi uliomo ndani ya sheng, chombo cha kale cha Wachina. (Jina hilo limegongana kwa bahati tu na lugha ya vijana wa Nairobi.) Huko Vienna, Cyrill Demian alipewa hataza ya kodiani mwaka 1829. Mwaka huo huo, Charles Wheatstone wa London alipewa hataza ya chombo kidogo cha kupuliza ambacho baadaye alikiendeleza kikazaa konsatina ya Kiingereza. Mnamo 1834, Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, aliunda konsatina ya Kijerumani. Vilikuwa vyombo vyepesi, vya bei nafuu kuliko piano, na havikuhitaji kurekebishwa sauti kila siku. Kwa hiyo vilisafiri na mabaharia, askari, wamishenari na wachimba migodi. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi yake Kenya mwaka 1921, lilikuwa limeipenda konsatina tangu kwao Uingereza kwa sababu mhubiri aliweza kuipiga akiwa amesimama barabarani. Kusini mwa bara letu, Wabasotho waliipokea wakaiita korosetina, nao Wazulu wakaifungua na kuzipanga upya ndimi zake ili ifuate tuni zao badala ya tuni zao kuifuata.

Pumzi mbili katika kibonyezo kimoja

Ili kuelewa jinsi tuni inavyojifunzwa, ni sharti kwanza kuelewa siri ya chombo. Konsatina za Kiingereza za Wheatstone hutoa sauti ile ile mivukuto ikikunjwa au ikikunjuliwa, na ngazi ya sauti hupanda kwa kupokezana mkono wa kulia na wa kushoto. Konsatina za Kijerumani na kodiani nyingi za vibonyezo ni tofauti: kibonyezo kimoja kina ndimi mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kuvuta.

Chukua safu moja ya vibonyezo. Kibonyezo cha kwanza kikisukumwa hutoa do, kikivutwa hutoa re. Cha pili hutoa mi na fa. Cha tatu hutoa so na la. Kufikia hapo mwanafunzi huwa amezoea mwendo wa sukuma-vuta, sukuma-vuta. Lakini kibonyezo cha nne humgeuka: ti hupatikana kwa kuvuta na do ya juu kwa kusukuma, kwa hiyo baada ya kuvuta la inambidi avute tena ili apate ti, kisha asukume. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Aliyekariri kwa kichwa hukosea, na aliyeuachia mkono ukumbuke hupita salama. Zaidi ya hayo kuna kibonyezo cha hewa, ambacho hakitoi sauti yoyote bali huiachia mivukuto ijazwe au ipunguzwe. Asiyejua kukitumia huishiwa na pumzi katikati ya ubeti.

Matokeo ya mpangilio huu ni makubwa. Tuni haiwi mfululizo wa sauti tu, bali huwa pia mfululizo wa pumzi. Mahali mivukuto inapogeuka pana mkato mdogo, na mkato huo ndio unaompa mchezaji mahali pa kukanyaga. Wapigaji wawili wanaweza kupiga sauti zile zile kwa vibonyezo tofauti na pumzi tofauti, na sikio lililozoea likatambua kwamba hao si wanafunzi wa fundi mmoja.

Kwa sababu hiyo, anayejifunza kwa sikio hupitia hatua ambazo aghalabu hazikwepeki. Kwanza huisikiliza tuni mpaka aweze kuiimba kwa mdomo bila chombo, kwani mkono hauwezi kutafuta kile ambacho sikio halijakishika. Pili, hutafuta sauti ambayo tuni hutulia mwishoni, akajua safu ipi ya vibonyezo inamfaa. Tatu, huivunja vipandevipande na kuvishona kimoja baada ya kingine, akizingatia pumzi. Nne, huongeza mapambo: sauti mbili pamoja, mtetemo, kuchelewesha kidogo kabla ya kituo. Hatua ya mwisho ni kuipiga mbele ya watu. Katika hatua hii hupata jambo ambalo fundi hawezi kumpa, yaani miguu ya wachezaji inayomwambia kama amekwenda kasi mno au amelegea.

Kumtazama fundi kuna faida na mitego yake. Anayekaa mkabala na fundi huona mkono wa kulia upande wa kushoto, na vidole huwa vimefichwa na sanduku lenyewe. Kinachoonekana waziwazi ni mivukuto, na mwanafunzi mwerevu huitazama hiyo kabla ya vidole. Siku hizi simu imerahisisha mambo: tuni hurekodiwa, hurudiwa mara mia, hata hupunguzwa kasi. Hata hivyo simu haimwambii mwanafunzi amekosea wapi, wala haimweleze tuni hiyo hupigwa wakati gani na nani aliyeileta.

Njia za kupokezana

Nchini Kenya, kodiani ilipata makao mashuhuri katika mwomboko, mchezo wa Wakikuyu ulioshamiri katika miaka ya 1930 na 1940. Vijana walikuwa wameona dansi za Wazungu katika mashamba ya walowezi na jeshini. Walichukua mtindo wa kucheza wawiliwawili, wakauvisha hatua zao wenyewe na kuinama kwao, wakaweka kodiani na pembeni yake karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Chombo kilikuwa cha Mzungu na umbo la dansi liliazimwa kwake, lakini maneno, mapigo na mzaha vilikuwa vya nyumbani. Kwa upande wa Ziwa, onanda ilijiunga na jamii iliyokuwa na nyatiti ya nyuzi nane, na tuni zilizozoea nyuzi zikatafutiwa nafasi katika vibonyezo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gitaa liliipiku kodiani mijini. Wanamuziki kama Fundi Konde, aliyewatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Burma, walirudi na ujuzi mpya, na katika miaka ya 1950 gitaa likawa sauti ya Nairobi. Lakini njia ya kupokezana haikubadilika. Wapigaji wa benga waliihamishia kwenye gitaa namna ya kudonoa nyuzi za nyatiti, kama vile wapigaji wa onanda walivyokuwa wamezihamishia tuni vibonyezoni. Chombo hubadilika, sikio hubaki lile lile.

Tuni inayopokezwa haichagui bwana wala nia. Wimbo wa Muthirigu, uliowapinga wamishenari kuhusu suala la tohara, ulienea katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1929 kwa kasi iliyoitisha serikali ya kikoloni, hata ukapigwa marufuku mwaka 1930. Baadaye, katika kipindi cha Mau Mau, wanaharakati walichukua tuni za tenzi za kanisani wakazitilia maneno ya ukombozi. Sikio la mkoloni lilisikia ibada, la mwananchi likasikia wito. Hapa tuni ilikuwa ngao: ilijulikana na wote, na kwa hiyo haikushukiwa.

Mfano mwingine ni wa Wakipsigis. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wakiimba kuhusu kiumbe aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilikuwa ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi yao, likiwa limepita katika ndimi za Kikalenjin. Mgeni aliyesikika bila kuonekana aliingizwa katika hadithi za wenyeji na kupewa umbo.

Mahadhi ya kuazima na shairi la Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza: haya yanahusiana vipi na bahari, mizani na vina? Yanahusiana moja kwa moja, kwani ushairi wa Kiswahili ulitungwa uimbwe. Utenzi na wimbo havitofautiani kwa hesabu ya mizani pekee. Hutofautiana pia kwa mahadhi yaliyozoeleka kwa kila kimoja.

Katika taarabu, ambayo huko Unguja huitumia kodiani pamoja na udi, fidla na ganuni, kupokezana mahadhi ni desturi ya tangu mwanzo. Masimulizi ya Zanzibar yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mombasa nayo ilimtoa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye alisifika kwa kuyaimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya Ahmad Nassir, kwa tuni za filamu za Kihindi.

Kazi ya kuoanisha shairi na tuni ngeni si nyepesi. Tazama mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya tu: mivukuto ikivutwa, maneno nayo yavuma. Kila kipande kina mizani minane. Mpiga kodiani akiwa na tuni inayogeuza pumzi baada ya kila mapigo manane, maneno na mivukuto hukutana mahali pamoja, na kina cha kati huangukia penye mkato. Akiwa na tuni ya kigeni yenye kipande cha mapigo saba au kumi, mwimbaji hulazimika kuirefusha irabu, kurudia neno au kuingiza kiitikio. Mshairi aliyehesabu mizani yake sawasawa huonekana kana kwamba amezidisha au amepunguza, ilhali kilichozidi ni mahadhi. Anayesoma shairi kitabuni bila kuyasikia mahadhi yake anaweza kumhukumu mtunzi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mali ya nani?

Swali lililozua ubishi kwa muda mrefu ni hili: anayechukua tuni ya mwenziwe ameazima au ameiba? Jibu la haraka ni gumu kutolewa. Katika utamaduni wa kupokezana, tuni ikichukuliwa mwenyewe hubaki nayo, na kuenea kwake ni sifa. Mcheza kwao hutunzwa, na anayeigwa huwa ametunzwa mara mbili. Lakini sharti la sifa ni jina. Mwanafunzi husema tuni hii ni ya fulani, niliipata mahali fulani. Pindi jina linapoachwa, hasa penye rekodi na fedha, kuazima hugeuka kuwa dhuluma. Hivyo ubaya haumo katika kuchukua. Umo katika kuikata kamba inayomfunga mpokeaji na mtoaji.

Kamba hiyo hukatika kwa njia nyingine pia. Rekodi nyingi za Hugh Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambapo wajukuu wa walioimba hawakuweza kuzisikia. Ilikuwa katika miaka ya 2010 ndipo juhudi za kuzirejesha zilipofanyika, na wazee wa Kikipsigis wakazisikia sauti za ujana wao. Nairobi, taasisi ya Ketebul Music, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefanya kazi ya kufuatilia mikondo ya benga na muziki wa Wakikuyu na kuhoji wazee waliopiga. Kazi hizi zinaonyesha kwamba kuhifadhi si kufungia. Sauti iliyofungiwa kabatini imehifadhiwa kama maiti, na ile iliyorudishwa kwa wenyewe huanza tena kujifunzwa.

La kufanya kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Si lazima mwanafunzi asafiri hadi Lamu au Unguja ili afanye utafiti wa mahadhi. Mitaa kama Ayany iko umbali wa nauli ya matatu, na ndani yake wamo wazee waliolelewa na ngoma na vinanda vya sehemu mbalimbali za nchi. Anayekwenda kuwasikiliza na ayaandike mambo matano.

Kwanza, jina la tuni kama linavyotajwa na mpigaji mwenyewe. Pili, nasaba yake: aliipata kwa nani, wapi na lini. Tatu, maneno yote yanayoimbwa kwayo, katika kila lugha, kwani tuni moja huweza kubeba maneno ya Kijaluo nyumba hii na ya Kiswahili nyumba ya pili. Nne, pumzi: mivukuto inageukia silabi ipi. Tano, mwiko wake: hupigwa wakati gani, na wakati gani haipigwi. Isitoshe, amwachie mzee nakala ya rekodi kabla hajaondoka, na amwombe ruhusa kabla ya kuisambaza. Huo ndio mwanzo wa kurudisha kamba iliyokatika.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kodiani na konsatina zilifika kama wageni, zikapewa jina la Kiswahili, zikafundishwa kusema kwa lugha za wenyeji. Yameonyesha pia kwamba tuni hujifunzwa kwa sikio, pumzi na mkono, na kwamba kujifunza na kushirikishana ni tendo moja lenye pande mbili, kama kibonyezo kimoja kilivyo na sauti ya kusukuma na sauti ya kuvuta. Asiyepokea hana cha kutoa, na asiyetoa hujikuta ameishiwa na pumzi.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Wataalamu wa Kiswahili wamelijaza daftari la maneno kwa bidii ya kupigiwa mfano. Daftari la mahadhi bado lina kurasa nyingi tupu, ilhali wanaoweza kuzijaza wanazeeka.